Tuta Lisilo na Mtu

Ipo siku ninayoikumbuka kwa tarehe yake, mwanangu, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuandika tarehe. Ilikuwa tarehe 15 Machi 1976. Nilikuwa mke kijana mwenye watoto wawili, mwanafunzi wa darasa la watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mollo, huku Ufipa. Wiki hiyo walikuja watu kutoka Dar es Salaam, na kamera na magari mawili, kutengeneza filamu ya vita vya Wajerumani na Waingereza, vile vilivyowachukua babu zetu kuwa wapagazi.

Mkuu wao alikuwa mtu makini, wala sitamsema vibaya. Aliwavalisha wapagazi wake viatu. Bibi Justa, bibi mzaa baba wa mume wangu, akacheka mpaka akashika ubavu. "Viatu? Mume wangu aliondoka hapa na nyayo zake tu." Viatu vikavuliwa siku hiyo hiyo. Mizigo ilikuwa magunia ya pumba, mepesi, na vijana wakatembea nayo shingo wima kama maharusi. Bibi akasema shingo ya mpagazi haisimami hivyo. Mkuu akaagiza yajazwe mahindi, na shingo zikainama zenyewe. Katibu wa kijiji alipewa kofia ya Mjerumani; wanawake wakamwambia, "Bwana mkubwa, ficha magaga yako, Ulaya hakuna magaga." Tulicheka sana siku zile.

Kisha mkuu akaliona shamba letu.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Mvua zinapokaribia kwisha, sisi Wafipa hufyeka majani marefu, tukayarundika na kuyafunika kwa udongo, yakawa matuta ya duara, intumba. Majani huoza humo ndani, juu tunapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata zikifika tunayasambaza na kupanda ulezi. Mgeni akiyatazama kwa mbali huona makaburi. Mkuu alisimama pale muda mrefu, akasema, "Hapa ndipo tutakapowazika wapagazi." Akanichagua mimi niwe mjane, nipige magoti kando ya tuta nilie.

Nilifurahi, mwanangu. Jioni nikajaribu kilio changu uani. Bibi Justa alikuwa akipepeta ulezi. Akaweka ungo chini.

"Unamlilia nani?"

"Babu, Bibi. Kwenye filamu."

"Babu yako alizikwa wapi?"

Babu alichukuliwa na askari akiwa amembebesha Bibi mimba ya kwanza, na hakuna aliyerudi na neno lake. Bibi hakukalishwa matanga wala hakunyolewa nywele, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ni mjane.

"Sikiliza," akasema. "Mimi sikupata kaburi la kulilia. Wanaume walipokwisha kuondoka, matuta haya tuliyapiga sisi wanawake, wengine matumbo yakiwa mbele. Hakuna aliyekaa chini. Ukimpa kaburi la uongo, hakuna atakayeuliza tena yuko wapi. Hapo watakuwa wamemchukua mara ya pili."

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mkuu. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo yangu ni ya kweli, Bibi, na maneno yako nayaamini. Lakini mtazamaji asipoona kaburi, hatalia."

"Basi asilie, mwanangu. Nasi hatukulia. Tulilima."

"Kulima hakuonyeshi vita."

"Kwetu ndivyo vita vilivyokuwa."

Alitafakari, nadhani kwa dhati, kisha akatikisa kichwa. Akanigeukia. Nikamwambia kwamba nikipewa jembe nitapiga tuta mbele ya kamera yake mpaka jua lizame, lakini sitapiga magoti. Hakugomba. Akamleta mwanamke mwingine kutoka mjini, na yule akalia vizuri sana.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeiona ikifika mbali. Julai 1977, baada ya mavuno, gari la sinema lilikuja, na filamu ikaonyeshwa kwenye ukuta wa shule. Viatu havikuwapo, shingo ziliinama, kila kitu kilikuwa sawasawa. Ndiyo maana makaburi nayo yakaaminika. Asubuhi nilimkuta mwanangu mkubwa na wenzake shambani. Walikuwa wamefunga vijiti viwili msalaba, wakauchomeka juu ya tuta. "Tunamwombea babu," wakaniambia.

Bibi alikuwa amenifuata kwa fimbo yake. Akautazama msalaba. "Vunja tuta," akaniambia.

Kuvunja tuta Julai ni kuianika mbolea juani. Hakuna Mfipa afanyaye hivyo kwa hiari. Nikalivunja, nikalipasua mpaka chini. Watoto wakainama. Waliona majani meusi yaliyooza, na funza mweupe akijikunja.

"Babu yenu hayumo," Bibi akasema. "Hatujui alipo. Semeni."

"Hatujui alipo," wakasema.

Mwanangu mkubwa akauliza, "Sasa msalaba tuuweke wapi, Bibi?"

"Nipe. Utakaa kwangu mpaka tujue."

Uko juu ya mlango wangu hadi leo. Bibi aliniachia, nami ni mjane sasa, ila mimi kaburi la mume wangu nalijua, nalifagia, na ninajua hiyo ni neema kubwa kiasi gani.

Ninyi leo mnatembea na kamera mifukoni, mnasimulia vita ambavyo hamkuviona. Simulieni. Ulizeni kwanza habari za viatu na mizigo, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini mkifika mahali ambapo hakuna ajuaye, simameni hapo na mseme hatujui. Msijaze shimo kwa machozi ya kuazima. Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nakwambia lake lipo, na wa kulitunza ni wewe.

Mungu akupe shingo ya kubeba ukweli ulio mzito, mwanangu, na siku yako ikifika, uzikwe na wanaolijua jina lako.