Siku Modesta Aliyocheza Kampala

Modesta Sefania alijifunzia kriketi mahali pasipofaa kwa kriketi. Kijijini kwao Mlalo ni milima mitupu. Ukikosea kurusha, mpira unaporomoka mpaka bondeni, na ni wewe utakayeufuata. Kwa hiyo alijifunza kutokosea. Mwalimu Abdallah, aliyehamishiwa shuleni kwao kutoka Tanga, alisimika vijiti vitatu kwenye kiwanja cha netiboli akamwambia avilenge. Baba yake, Mzee Sefania, mkulima wa karoti, alipita kutazama akiwa na jembe begani, kisha akawa anakuja kila Jumamosi. Majirani walipomwuliza binti anatafuta nini kwenye mchezo wa Wahindi, aliwajibu, "Anatafuta kazi, kama watu wengine."

Kazi ikaanza kuonekana. Aliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa Dar es Salaam, akabaki huko. Mwaka fulani timu ilikwenda Kampala kwenye mashindano, na ikajulikana kwamba watu wa klabu moja ya nje watakuwapo, wanatafuta warushaji wa kuwaajiri.

Asubuhi ya mchezo wa mwisho kaka yake, Yonathani, alipiga simu.

"Desta, baba ametutoka. Presha ilipanda jana, tukamkimbiza hospitali ya Bumbuli. Hakuamka tena."

"Mnazika lini?"

"Kesho mchana. Ukitoka sasa hivi utawahi."

Alikwenda kumwambia kocha wake, Dina, aliyemshika mikono yote miwili. "Pole sana, mdogo wangu. Ndege ya leo ipo. Ukitaka kwenda, nitakupeleka mwenyewe."

Modesta aliinama kufunga kamba za viatu. Alipomaliza akasema, "Nitacheza."

Hakuna aliyewahi kumwona akirusha vile. Aliwatoa wapigaji watano. Kila mara wenzake walimrukia na kumkumbatia, naye alisubiri wamwachie arudi kuanza mbio nyingine za kurusha. Jioni watu wa klabu walimfuata. Alisikia kila neno lao, akakubali.

Alifika Mlalo baba amekwisha kuzikwa. Wajomba waliitikia shikamoo yake kwa shingo upande. Mama yake, Esteria, alimpokea begi, akampa maji ya kunawa na chakula. Baadaye Modesta alisimama kaburini, akangoja machozi. Yalipokosekana, akaenda shambani kupalilia karoti.

Tangu hapo ameichezea klabu ile ya nje misimu miwili. Mshahara unaingia, nyumba ya mama ina bati jipya, na jina lake hutajwa redioni. Anarusha vizuri. Watu wakishangilia anajua wanamshangilia yeye, kama mtu aliye ndani anavyojua kwamba nje mvua inanyesha.

Krismasi iliyopita alikuja likizo. Walikuwa jikoni wanamenya viazi, mama yake akasema bila kuinua kichwa:

"Siku ile nilikungoja."

"Najua, mama."

"Ulilia huko huko?"

"Hapana. Sijalia mpaka leo."

Esteria aliweka kisu chini, akamtazama. Hakugomba. "Na huo mchezo, bado unaupenda?"

Modesta alifikiri kweli kweli, maana hakutaka kumdanganya.

"Sijui, mama. Nauweza tu."

"Haya," Esteria akasema, akamsogezea viazi vingine.

Baada ya sikukuu Modesta aliaga na kuondoka, kwa sababu mazoezi yalikuwa yanaanza.