Upepo Umelala Kwao

Shule niliikimbia mapema, lakini kwa masikio hakuna profesa wa kunishinda. Ijumaa, kwenye duka la samaki hapa Bani Malik, Jeddah, nilimsikia dereva mmoja wa Pwani akiongea na mkewe, simu iko kwa spika. Mkataba wake unaisha na alishamwambia kafili, mwajiri wake, anarudi kwao kuvua.

"Toka nje, uloweshe shavu," akasema. "Upepo wausikia?"

"Nimetoka, baba watoto. Shavu halisikii kitu. Tangu mfungo ni hivi. Maji ya juu yamechemka, upepo hauyakorogi, ile baridi ya chini haipandi na chakula cha samaki. Vibua vimehama. Kakako jana amerudi na ndoo kavu."

Nikamtania, "Bro, vibua si ndio hawa kwa barafu!"

Hakucheka. Alimgusa samaki mmoja jicho, akauliza polepole, "Basi nisirudi?"

"Watoto nitawaambia mimi kwamba huji," mkewe akasema.

Dereva akampigia kafili palepale. "Baba, mafi safari. Ikama tena. Halas." Yaani hasafiri, kibali chake cha kuishi kifanywe upya, basi.

Mimi hujigamba kwamba joto la Jeddah haliniwezi. Lakini lililomzuia yule jamaa ni joto la bahari ya kwao.