Moto Aliokatazwa Bibi Nyanjige

Bibi yangu Nyanjige alikuwa na macho mekundu, na naanza na macho hayo kwa sababu ndiyo yaliyomponza. Yalikuwa mekundu kwa moshi, basi. Kwetu Ngulyati kuni zilikwisha zamani, tukawa tunapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mtu aliyepuliza moto wa namna hiyo tangu usichana wake, mlitaka macho yake yawe na rangi gani?

Alikuwa mwanamke wa kazi. Alipalilia pamba na mjukuu mgongoni, na michembe ya viazi vitamu aliyokausha ilivusha njaa nyumba ambazo baadaye zilimgeuka. Mama yangu, Kwandu, alikuwa mkwewe, na walipendana hasa. Plau lilipomkata mama mguu akapelekwa Bariadi mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, bibi ndiye aliyekwenda kumuuguza.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kitu ruksa: wanunuzi binafsi wa pamba na mizani zao, maduka ya dawa kila kona, na hospitali za watu binafsi. Mama aliingizwa kwenye mojawapo, yenye rangi mpya ukutani na daktari mmoja ambaye ndiye mwenye mali. Akamlaza kwa nusukaputi ya kuvuta, ile ya kuwekewa barakoa puani, akasafisha kidonda. Mama aliamka vizuri, kisha akashikwa na homa siku kadhaa, ikapita. Bibi alimweleza daktari habari ya homa hiyo. Daktari akamjibu asimfundishe kazi. Wiki chache baadaye kidonda kilianza kuoza, akamlaza mama tena kwa dawa ileile.

Safari hii homa ilirudi na nguvu. Macho na ngozi ya mama vikawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Sasa sikilizeni jibu la msomi wetu kwa baba yangu, Masele.

"Haya si ya hospitali," alisema. "Dawa yangu ni ya kisasa. Katafuteni huko nyumbani kwenu."

Alijua anachosema, maana na yeye amezaliwa huku huku. Daktari yeyote anaweza kukosea, hilo nitamsamehe. Lakini kuchukua kosa lako ukamtwika bibi kizee! Baba alikwenda Migato kwa mganga, kuku akapasuliwa na kusomwa, akaonekana mwanamke mzee mwenye macho mekundu aliyemlisha mgonjwa. Na nani aliyekuwa akimpelekea mama uji wodini?

Dagashida, mkutano wetu wa kijiji, ukakata shauri: Nyanjige asisalimiwe na asipewe moto. Kwetu moto uliombwa kwa jirani asubuhi, na kumnyima mtu kaa ni kumhesabu miongoni mwa waliokufa. Watu walituambia tushukuru kwamba hakukatwa panga. Eti tushukuru! Baba yangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa akipita na ng'ombe mbele ya boma la mama yake akiangalia pembeni, msimu mzima wa pamba.

Mama alipona manjano polepole, lakini mguu ukaendelea kutoa usaha. Mara hii alipelekwa hospitali ya misheni, mbali na kwetu. Kabla hajaguswa, mtoa dawa ya usingizi wa pale, Sista Elina, alimuuliza, "Mama, umewahi kulazwa kwa nusukaputi? Baadaye ulijisikiaje?"

Mama akamweleza yote. Sista alivuta kiti akakaa.

"Dawa ile inawalaza watu wengi na wanaamka salama," alisema. "Wapo wachache ambao inawaumiza ini, hasa ikirudiwa upesi. Ile homa ya kwanza ilikuwa onyo. Usiivute tena maisha yako yote, na kila hospitali utakayokwenda uwaambie."

"Kwa hiyo sikurogwa?"

"Na nani, mama? Ni dawa."

Akachomwa sindano ya mgongoni, miguu ikafa ganzi, akatolewa kipande cha mfupa kilichooza huku yu macho, anasali.

Mama alirudi na gongo, akasimama mbele ya dagashida ileile akasema aliyoambiwa. Wazee wakakohoa, wakatazamana, wakaondoa katazo. Daktari alipoitwa aje aseme neno moja tu mbele ya watu, alijibu kwamba ana wagonjwa.

Kesho yake asubuhi mama alitia makaa kwenye kigae akaenda nayo kwa bibi, akichechemea. Baba alimfuata kwa mbali. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya mama.

"Mwangaluka, mayo," mama alimwamkia kama mtu anavyomwamkia mamaye asubuhi, akilia.

Bibi aliitikia, akayatazama makaa. "Moto ninao, mwanangu. Kibiriti siku hizi kinauzwa kila duka. Salamu ndiyo nimeikosa dukani."

Baba akasogea mpaka mlangoni, akavua kofia. "Mwangaluka, mayo."

Bibi alimkazia yale macho yake mekundu.

"Mwangaluka, mgeni," aliitikia. "Watoka wapi?"