Adui Asiyepewa Zamu

Wateja walimwita Fundi, na hata nduguze walizoea hivyo. Alikuwa na karakana ya kompyuta nyuma ya duka la vifaa vya shule, na kazi ikipungua alicheza michezo ya zamu, ile ambayo unampiga adui kisha unangoja naye akupige, kama drafti. Kila wiki aliandika safu fupi gazetini kuhusu michezo hiyo. Watengenezaji walimwogopa kidogo, maana hakuwa mtu wa kumvika yeyote kilemba cha ukoka.

Ndipo akaitwa kuwa mwamuzi wa tatu wa shindano la watengenezaji wadogo, wale wasio na kampuni nyuma yao. Ilibaki michezo miwili, na majina ya wenyewe yalifichwa. Waamuzi wawili walishagawanyika, mmoja huku mwingine kule. Matokeo yangetangazwa Jumamosi adhuhuri. Ijumaa asubuhi Fundi alifunga mlango, akaanza.

Mchezo wa kwanza ulihusu walinzi watatu wa mnara. Hadithi yake ilikuwa nyepesi kama karatasi: mfalme mbaya, upanga uliopotea, basi. Lakini mapigano! Kila zamu unapewa pumzi tatu: moja ya kupiga, mbili za kumkinga mwenzako, zote tatu za kukimbia. Ukikosea, mlinzi anakufa na harudi tena. Fundi alishindwa mara nne, akacheka peke yake.

Wa pili ulihusu nyumba moja: mama mgonjwa, binti mkubwa mwenye haraka, na mdogo wake wa kiume anayesoma mbali. Mapigano yalikuwa butu, unabonyeza kitufe kilekile adui anaanguka. Hadithi ndiyo iliyomshika. Katika chumba cha tatu watoto waligombana, na mama akasema kutoka jikoni: "Kuleni kwanza. Ugomvi haupoi."

Mkono wa Fundi ulisimama. Maneno yale hakuwahi kuyasikia kinywani mwa mtu mwingine ila mama yake mzazi.

Fundi alikuwa dada wa kijana mmoja, kitindamimba. Kwa miaka minne hawakuwa wakisemezana, tangu mama alipofanyiwa upasuaji asiamke. Fundi ndiye aliyesaini karatasi ya ridhaa. Kijana alifika kesho yake, akamuuliza mbele ya waombolezaji: "Kwa nini hukunisubiri?" Fundi hakujibu.

Aliendelea kucheza. Chumba cha mwisho kilikuwa wodi. Binti mkubwa amesimama na kalamu mkononi, na juu ya kichwa chake mstari mwekundu wa uhai. Huyo ndiye adui. Fundi akabonyeza, yule binti akayumba. Akangoja zamu ya adui. Haikuja. Akabonyeza tena, na tena, mara tisa, hadi yule mwanamke akaanguka kifudifudi bila kusema neno.

Alimpigia simu mwenyekiti wa waamuzi, mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, siwezi kupiga kura. Mchezo wa pili ni wa mdogo wangu."

"Amekwambia yeye?"

"Mama ndiye kaniambia."

Mwalimu hakuelewa, ila hakuchimba. "Basi nitaamua mimi. Lakini niandikie ulichoona. Nitakisoma ukumbini, na undugu wenu nitautaja."

"Nikiandika ukweli, ataona nimemuumiza mara ya pili."

"Sikukuuliza ataonaje."

Jumamosi kijana alikaa safu ya pili, amefuga ndevu, hakumsalimu. Mwalimu akavaa miwani, akautaja undugu wao, kisha akasoma: "Kwa hadithi, mchezo wa pili unaushinda wa kwanza kwa mbali sana. Lakini mapigano ya mchezo wa kwanza yanaaminika, kwa kuwa adui naye ana zamu. Katika wa pili, adui wa mwisho anapigwa tu. Aliyeutengeneza ameogopa kumsikia."

Walinzi wa mnara wakashinda. Kijana alimkuta dada yake koridoni.

"Umeniumbua mbele za watu, dada."

"Nimesema nilichokiona."

"Haya. Ungepewa zamu, ungesema nini?"

Fundi akaegemea ukuta. "Daktari alinipa nusu saa. Nilikupigia mara saba."

"Nilikuwa kwenye mtihani. Simu niliizima." Uso ukambadilika. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ungelibeba hilo maisha yako yote. Nikaona heri unichukie mimi."

"Hukuwa na haki ya kunichagulia."

"Najua."

Kijana akaondoka bila kuaga. Wiki tatu Fundi hakujua ameponya au ameua. Kila simu ilipoita aliikimbilia. Kisha ukaja ujumbe wa kijana, hauna hata salamu: daktari alitamka maneno gani hasa? Wewe dada ulikuwa umevaa nini? Kalamu alipewa na nani? Akajibu moja baada ya jingine.

Mchezo, ambao kijana anautengeneza upya, bado haujatoka, na Fundi hajauliza unavyoishia. Juzi kijana alimpigia, wakazungumza juu ya jino linalomsumbua na mwenye nyumba wake mbishi, halafu wakagombana vikali kuhusu nani arithi cherehani ya mama. Kijana akamkatia simu. Kesho yake asubuhi akapiga tena.