Lori la Wakataji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya shamba la mkonge karibu na Kilosa, Dresa Mkuu alinikabidhi beseni, pamba na dawa ya vidonda. Dresa ndiye aliyetibu wagonjwa kambini, maana daktari alikuwa mbali. Alikuwa akinionyesha namna ya kuosha mikono iliyochomwa na miiba ya mkonge, akaletwa Bi Atija, Mmakua aliyekimbia na mumewe kutoka kwa Wareno, ng'ambo ya Ruvuma. Hakuwa na kidonda. Alikuwa anatetemeka, kanga imelowa jasho.

Wanawake waliomleta walisema huwa hivyo kila lori linapowachukua wakataji kwenda mashamba ya mbali. Mumewe, Saidi, alikuwa mkataji. Mpaka arudi, mkewe hali kitu.

Niliogopa. Nilidhani ana wazimu, nikasimama mbali naye. Daktari Mzungu alipokuja kukagua, aliagiza apewe dawa ya usingizi, na ikishindikana apelekwe hospitali ya vichaa. Bi Atija aliposikia kupelekwa, akaikumbatia nguzo ya mlango.

Mzungu alipoondoka, Dresa Mkuu aliketi sakafuni karibu naye, akamuuliza anaogopa nini. Alieleza polepole kwamba huko kwa Wareno kaka zake wawili walipakiwa kwenye lori kwenda kazi ya kulazimishwa, wasionekane tena.

"Kesho panda naye lori," Dresa Mkuu akaniambia. "Akaone linakoishia."

Tukapanda katikati ya wakataji. Njia nzima alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi, nami nikawaza akiruka nitafanya nini. Hakuruka. Lori likasimama, Saidi akashuka, akaanza kukata mkonge. Bi Atija alimtazama hadi jua likawa kali, kisha akaomba maji.

Hakupona kabisa. Alianza kula mchana, lakini jioni alisimama barabarani mpaka lori lirudi.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, nikatumikia wakubwa wengi, nikastaafu huko. Ninyi wauguzi wa leo mna majina ya hofu kama ile. Sisi hatukuwa na majina hayo. Niliposikia Saidi amefariki nyumbani kwake, nikaenda Kilosa kuhani. Nilimwamkia Bi Atija shikamoo, akaitikia, akanikaribisha mkekani.

"Huyu nimemzika," akasema. "Najua alipo."