Nilivyokwenda Bukavu Kutafuta Jina la Ugonjwa Wangu

Nilisafiri kwa sababu ya neno la Mzee Athumani, muuza chumvi wa Mbugangari, mtaa wetu wa Gisenyi, ambaye nilikuwa nimemchumbia binti yake, Mwajuma. Siku moja alinikuta nimeishika nguzo ya baraza yangu, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Hakukasirika. Alikaa akaningoja mpaka nikaweza kuitikia salamu, kisha akasema, "Mutoto wangu, mi sina kinyongo na we. Lakini kama ile iko kifua kikuu, Mwajuma simutoi. Enda kwa munganga wa mashine. Leta jibu, ndipo tutaweka siku."

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni fundi wa kushona. Kusoma sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa majora ya vitambaa. Mshono ukipinda kidogo tu nafumua wote, hata kama mwenye nguo amesema ni mzuri. Ugonjwa nao niliutendea hivyo hivyo. Nilinunua daftari, nikaandika kila siku pumzi iliponipungua, nilichokula, nilichoota, na upepo ulikotoka. Nilipolisoma lote nikaona jambo moja tu: siku mbaya kuliko zote ni Alhamisi.

Mama akasema ni jini, maana Alhamisi ni siku yao. Mwalimu wa chuo cha Kurani akanisomea, akanipa maji ya kunywa. Alhamisi iliyofuata nikaangukia kanzu ya mtu niliyokuwa nikiipiga pasi, na kola yake ikaungua.

Mimi moyoni nilishuku mazuku. Kwetu hakuna asiyeyajua: ni hewa mbaya itokayo ardhini penye mawe ya volkano, ikatulia mabondeni, haionekani, ikaua mbuzi aliyeinamisha kichwa kula majani. Mbuzi wawili wa jirani walikutwa wamekufa hivyo, bila jeraha, katika shimo lililo nyuma ya chumba changu cha kazi. Usingizi ulinipaa. Nilikata vitambaa vyembamba nikaziba dirisha na chini ya mlango, pembe kwa pembe, hata uzi wa jua haukupenya. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Ugonjwa ulianza majuma hayo hayo, kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba mazuku yamekwisha kuniingia. Kila pumzi ilipozidi kupungua, nami nilizidisha vitambaa.

Jumatatu asubuhi nilianzia Nyundo, kwa masista. Nilipanda mlima nikisimama kila baada ya hatua chache kukisikiliza kifua changu kama kitachafuka. Hakikuchafuka. Sista mmoja Mzungu aliyezoea lugha yetu alinitegea sikio mgongoni.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Na miguu, masera."

"Mulima yote hii?"

"Ndiyo."

"Basi kifua yako inashinda yangu. Mi napanda na voiture."

Nililiangalia gari lake mlangoni, nikacheka kwa adabu, lakini ndani niliona aibu. Nilikuwa nimekuja kuonyesha ugonjwa, nao umejificha. Alinipa barua ya kwenda nayo Bukavu, kwenye mashine ya kupiga picha ya kifua.

Jumatano alfajiri nilipanda meli ndogo gatini Gisenyi. Nilikaa karibu na ukingo, daftari gotini, nikingoja. Kisiwa cha Idjwi kilitokea, kikatufuata kutwa nzima kama mtu asiyetaka kuagana. Nilikula ndizi, nikala sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, nikaandika: *hakuna kitu*. Baharia mmoja aliyeitwa Bahati alikuwa akinitazama.

"We, fundi, wanasema uko mugonjwa. Mugonjwa wa nini?"

"Wa pumzi."

"Pumzi gani? Tangu Gisenyi unaongea we mwenyewe! Na ile ndizi yangu umekula." Akawageukia wenzake. "Mugonjwa kama huyu nipeni kumi, watavuta meli mpaka Bukavu!"

Walicheka wote. Nilijaribu kupumua vibaya kidogo, ili nisionekane mwongo. Ndiyo, nakiri. Nilikohoa kikohozi cha bure mbele ya watu, kisha nikaogopa kwamba Mungu ameniona na atanipa cha kweli.

Jioni tukafika Bukavu, mji ambao baadhi ya Wazungu bado wanauita kwa jina lao. Shangazi yangu Zubeda, dada ya marehemu baba, anakaa Kadutu, juu kabisa. Nilipanda vilima vile na mzigo kichwani, nikafika nikitoka jasho na bila tatizo lolote. Shangazi alinikumbatia, akanishika mashavu. "Wasema unakufa? Mbona umenenepa?"

Alikuwa akipika uani kwa mbabula, lile jiko la bati la makaa. Mvua ikashuka ghafla. Nikataka kumsaidia, nikaibeba mbabula niingize ndani.

"Weka chini!" akapiga kelele, sufuria ikanusurika kumwagika. "Weka chini ya paa hapo! Makaa hailale nyumba moja na watu."

"Kwa nini, shangazi?"

"Inakula hewa yao. Nani amekulea, we?"

Niliiandika katika daftari, ukurasa wa mwisho, mahali nilipokuwa nikiweka desturi za watu wa Bukavu. Kisha nikala.

Alhamisi ndiyo siku niliyoonana na daktari. Niliamka nikiwa na furaha ya ajabu: leo ni Alhamisi, jini au mazuku, lolote liwalo litajitokeza mbele yake. Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyesema Kiswahili. Aliyetutafsiria alikuwa infirmiye mmoja, muuguzi Mushi wa kabila la pale, mwenye koti jeupe lililopasuka chini ya kwapa. Sikuweza kuacha kuliangalia lile pasuko.

Walinisimamisha mbele ya bamba la baridi. "Pumua," infirmiye akasema. "Shika. Shika... bon, acha. We, unaangalia nini? Sisi ndiyo tunakupima ao we unatupima?"

Tulingoja picha. Daktari akaishika mbele ya taa, akasema maneno marefu. Infirmiye akayafupisha: "Mapafu iko muzima. Hakuna kifua kikuu. Anauliza, unafanya kazi gani?"

"Kushona."

"Chumba ya kazi iko na dirisha?"

"Ndiyo, iko na dirisha."

Nilijibu upesi, kwa sauti safi, kama mwanafunzi anayejua. Dirisha lipo. Mbao zake nilichagua mwenyewe.

"Basi, mwambie anipe jina la ugonjwa," nikasema.

Infirmiye hakumtafsiria. Alinitazama kwa huruma. "Kaka, hajaona kitu. Kitu hajaona, atakipa jina gani?"

Nikatoka na karatasi ya Kifaransa nisiyoweza kuisoma. Nusu ya jibu nilikuwa nayo, ile nusu aliyoitaka Mzee Athumani. Ile niliyoitaka mimi sikuipata. Siku nilizongoja meli ya kurudi nililala kama mtoto na kuamka nikiwa na hofu. Mtu mwenye ugonjwa anajua anachopigana nacho; mimi nilikuwa mzima, na nilikuwa nakufa, na vyote viwili vilikuwa kweli. Je, ni haki kuoa? Nimfanye Mwajuma mjane kwa ugonjwa usio na jina?

Jumatano iliyofuata nikarudi Gisenyi. Mzee Athumani alimpa karani mmoja karatasi asome, akasikia *hakuna*, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Alhamdulillahi! Kesho nitakuja kuchukua kanzu yangu, Ijumaa tutaongea siku." Sikumwambia nusu ya pili.

Alhamisi nilifungua chumba, nikakuta kanzu za watu zimelundikana, maana Ijumaa haingoji safari ya mtu. Nikatia makaa katika pasi, nikapuliza mpaka yakawa mekundu. Nikafunga mlango, nikasukuma vitambaa chini yake kwa ncha ya mkasi. Kanzu ya tatu, kichwa kikauma. Kanzu ya tano, nikashika meza. Limerudi, nikawaza. Limeningoja hapa nyumbani.

Ndipo Mzee Athumani akausukuma mlango. Ulikataa, kwa vile vitambaa. Akaupiga bega, akaingia. Alipiga hatua tatu tu. Nilimwona akijishika kifua, yeye ambaye maisha yake yote amebeba magunia ya chumvi, macho yakamtoka. Akanikamata shingo ya shati, akaniburuta nje mpaka barazani, tukakaa chini wote wawili tukihema.

"Unataka kuniua na mimi?" akasema alipoweza. "Mule ndani iko nini?"

"Nilikuwa naziba mazuku, baba."

Aliinuka, akachungulia. Akaiona pasi inafuka, akaliona dirisha, akavuta kitambaa kimoja, na kingine, na kingine. Havikwisha. Akaanza kucheka, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa ule moshi au kwa kitu kingine. "Mazuku iko kule shimoni, mutoto wangu. Hii ya humu umeshona we mwenyewe. Na umeshona muzuri!"

Nilirudia daftari siku ile. Chakula, ndoto, upepo, vyote nilikuwa nimeviandika. Alhamisi nazo, siku ya kupiga pasi kanzu za Ijumaa, zilikuwa zimepangwa wima kama vifungo. Pasi haimo mahali popote, wala dirisha. Sikuyaandika kwa sababu ndiyo mambo niliyokuwa na hakika nayo. Na ukurasa wa mwisho, chini ya desturi za watu wa Bukavu, yalikuwepo maneno ya shangazi.

Nilimwambia Mzee ile nusu niliyoificha. Alisema alijua, uso wangu hauwezi kuficha hata pindo.

Sasa napigia pasi barazani. Vumbi huangukia kanzu nyeupe, nami nalipangusa nikinung'unika, na siku nyingine pumzi ikinipanda kwa kuharakisha tu, bado naogopa na kutafuta kalamu. Vile vitambaa Mwajuma alivikusanya vyote baada ya harusi, akavijaza ndani ya mto. Ni mgumu kidogo upande mmoja. Ndio ninaoulalia.