Gasketi na Kaskete

Kwa Evodie mlango hufunguliwa mapema hata siku ambayo hana pa kwenda. Mimi ni jirani yake, nauza unga wa muhogo ng'ambo ya barabara, kwa hiyo namwona. Hufagia uwanja, huteka maji, hunywa chai amesimama, kisha hukaa kizingitini na kutazama watu wakiteremka kwenda bandarini. Ana diploma ya ufundi wa mitambo. Mtaani walimwita Enjenia, wala hawakumaanisha sifa.

Nyumba ni ya marehemu baba yake, Papa Urbain, aliyekuwa fundi wa reli. Mama alitangulia zamani, na Evodie alikuwa mtoto pekee, jambo ambalo huku kwetu watu hulihesabu kama ugonjwa. Papa Urbain alikuwa msahaulifu. Kila asubuhi akishafika barabarani aligeuka na kupaza sauti: "Evodie, uniletee kaskete." Kaskete ni ile kofia yenye ukingo wa mbele, na yake ilikuwa ya buluu, ya kazini. Binti alitoka nayo mbio. Niliyasikia maneno hayo miaka na miaka mpaka nikayachoka. Tangu tulipomzika mzee, kaskete ilibaki imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na hakuna aliyemtuma Evodie kitu chochote.

Shuleni alikuwa msichana pekee darasani. Mwalimu wao, Papa Josias, ni mtu mwema, lakini karakana yake ina injini moja tu, iliyopasuliwa ubavu ili watoto waone tumbo lake. Kila kiungo kimepakwa rangi na kuandikwa jina lake kwa Kifaransa. Haijawahi kuwaka tangu iletwe. Evodie aliyajua majina yote, mtihani wa serikali ukaja kwa Kifaransa, akafaulu vizuri. Wenzake wakatawanyika, wengine migodini Kolwezi, wengine kwenye pikipiki za abiria, naye akabaki na kizingiti chake.

Basi mwaka juzi gereji moja ya injini za maboti, kule karibu na bandari, ikatafuta mtu. Niseme kweli, mtaa mzima tulijua kwamba akiikosa ile kazi hatapata nyingine hapa Kalemie, maana mahali penye injini za kweli ni pa kutafuta kwa tochi. Alifua ovaroli ya shule, akaifua tena. Aliniomba nimsuke nywele, na nilipokuwa namsuka alitaja viungo vya injini chinichini, kama mtu anayesali rozari.

Mkuu wa gereji hiyo ni Fundi Mrisho, mtu wa Ujiji, aliyevuka ziwa zamani na hakurudi. Kwake kila kitu kina jina la Kigoma: spana, nozeli, beringi. Vijana wa bandarini wameyaokota kwake bila kupita shule. Yaliyotokea nimesimuliwa na wengi, na Evodie mwenyewe baadaye, na yote yanafanana. Alimkuta fundi ameinama ndani ya injini, mikono imejaa grisi. Hakumwuliza diploma. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akasema:

"Binti, niletee gasketi, hiyo hapo mezani."

Gasketi ni ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasivuje. Shuleni inaitwa joint, na Evodie angeweza kukueleza kazi yake mpaka usinzie. Lakini hilo jina la fundi hakuwahi kulisikia. Alilosikia ni lile la baba yake. Mezani palikuwa na kofia. Miguu ikaenda kabla ya akili, akaichukua, akaikung'uta vumbi kama alivyozoea, akaiweka kwenye kiganja kile.

Fundi akaitazama kofia yake. Gereji nzima ikacheka, na mmoja wao alikaa chini kabisa kwa kicheko. Kijana wa bandarini aitwaye Dieumerci akaruka, akaleta gasketi, na kazi akapewa yeye siku ile ile. Evodie akarudi nyumbani na jina jipya, Kaskete.

Aliponieleza hakulia.

"Mama Christiane," alisema, "nilisikia muntu ananituma. Nikafurahi."

Mimi ndiye niliyelia, nikausingizia moshi.

Baada ya hapo alikuwa akienda kukaa nje ya ukuta wa gereji, akisikiliza wanavyoitana na kuagizana vyombo, huku wakimwita Kaskete, Kaskete. Ingekuwa mimi ningewarushia mawe. Alipokwisha kuyaokota majina ya kutosha alikwenda kwa Papa Josias na kopo la rangi nyeupe. Mwalimu alisitasita, akasema programu ya masomo inatoka Kinshasa, na inspekta wa shule akija atamjibu nini. Evodie akamjibu kwamba inspekta haajiri mtu. Kwenye ile injini iliyopasuliwa, chini ya joint akaandika gasketi, chini ya injecteur akaandika nozeli, chini ya roulement akaandika beringi. Papa Josias naye akajikaza, akamwomba Fundi Mrisho awapokee wanafunzi wa mwaka wa mwisho kila Jumamosi, washike injini inayonguruma. Fundi akakubali. Labda ile kofia ilimsumbua.

Kati ya wanafunzi hao alikuwemo Keren, msichana pekee wa darasa lake, anayekaa kwa shangazi yake nyuma ya nyumba yangu. Akitoka gereji alipita kwa Evodie, ambaye alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, wakayarudia majina mawili mawili, la Kifaransa na la Kigoma. Ndizo siku pekee nilizosikia kicheko katika nyumba ile.

Mwaka huu gereji ikataka mtu tena. Papa Josias akaenda mwenyewe kumwombea Evodie. Fundi Mrisho akakataa kwa upole. Alisema vijana wake bado wanamcheka, na penye kicheko mashineni mtu hukatwa kidole. Akaomba aletewe yule mwingine, Keren. Upole wa namna hiyo mimi siutaki. Ni uonevu tu, hata ukisemwa kwa sauti ya chini, na Papa Josias nilimwambia hivyo hivyo.

Evodie alipopata habari aliuliza kama Keren ana ovaroli. Akampa yake.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na wingu zito juu ya ziwa. Keren alipita na ovaroli iliyomzidi miguu, nywele zimesukwa upya. Alikuwa ameshavuka mfereji matone yalipoanza. Akageuka pale barabarani, akaita:

"Yaya Evodie, uniletee kaskete, mvua inakuya."

Niliacha kupima unga. Evodie alisimama kizingitini kidogo, kama hakusikia vizuri. Kisha akaingia, akaitoa kwenye msumari, akaikung'uta vumbi, akatoka nayo mbio, mwanamke mzima. Akamvalisha Keren kwa mikono yake na kuunyoosha ukingo.

Keren akaenda kazini. Evodie akabaki barabarani analowa, nikamwita aje akae kwangu.

"Niko nakuya, Mama Christiane," alisema.

Hakuja. Alikaa kizingitini akitazama barabara, na nyuma yake ukutani msumari ulikuwa mtupu.